Kuandika Kampala Mbili: Mwongozo wa Fantasia ya Mjini na Suala la Tabaka

Fantasia ya mjini ni hadithi inayoyaweka mambo ya ajabu, kama vile mizimu, uchawi na viumbe wasioonekana, ndani ya jiji ambalo msomaji analijua kwa barabara zake, nauli zake na foleni zake. Katika aina hiyo limo tawi ambalo waandishi wa Kiswahili tulioko Uganda tungefaa kuliandika zaidi, nalo ni tawi la jiji lenye mwenzake: jiji la pili lililo chini ya lile la kwanza, au nyuma yake, au mahali palepale bila kuonekana na wengi. Mwongozo huu ni kwa mwandishi anayetaka kuandika hadithi ya namna hiyo kuhusu Kampala, na msimamo wake ni mmoja. Mpaka unaoyatenga majiji hayo mawili hauna budi kujengwa kwanza kwa ardhi, maji na kazi za watu, ndipo uchawi uje kuupa sura. Anayeanza na uchawi hujikuta amejaza kurasa kwa malango na nuru za ajabu, huku maskini na matajiri wa hadithi yake wakibaki watu wa kupita tu.

Hatua ya kwanza: jifunze jinsi Kampala ilivyowahi kuwa miji miwili

Mwandishi wa Kampala ana bahati ambayo wenzake wa miji mingine hulazimika kuibuni, kwa kuwa jiji lake liliwahi kuwa miji miwili kwa sheria. Frederick Lugard, afisa wa kampuni ya kikoloni ya Waingereza, alipofika mwezi Desemba 1890, alipiga kambi juu ya kilima kinachoitwa leo Old Kampala, huku Mwanga, Kabaka (yaani mfalme) wa Buganda, akiwa na makao yake Mengo, ng'ambo ya bonde. Kutoka hapo ukakua mji wa serikali ya kikoloni uliopanda kuelekea Nakasero na baadaye Kololo, na kando yake ukaendelea kuwapo Kibuga, yaani mji wa Kabaka, uliokuwa chini ya serikali ya Buganda. Hali hiyo iliendelea mpaka miaka ya 1960. Mtu aliweza kutembea kwa muda mfupi tu akatoka katika sheria moja na kuingia katika nyingine, akakuta utaratibu mwingine wa ardhi, wakubwa wengine na kodi nyingine, pasipo ukuta wowote wa kumwonyesha kwamba amevuka.

Utengano huo haukuja wenyewe. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alizuru nchi za Afrika Mashariki kuchunguza mambo ya afya ya umma, na katika ripoti yake akapendekeza makazi ya Wazungu, Waasia na Waafrika yatenganishwe, tena yawekewe ukanda mtupu kati yao. Ninamtaja kwa sababu anamfundisha mwandishi jambo la lazima: mpaka wa jiji huwa na aliyeuchora, huwa na sababu iliyotangazwa, ambayo hapa ilikuwa afya, na huwa na faida isiyotangazwa. Kabla hujaandika sentensi ya kwanza ya hadithi, andika majibu ya maswali hayo matatu kuhusu mpaka wako wa kubuni. Ukikosa jibu la swali la tatu, hadithi bado haijaiva.

Hatua ya pili: chagua namna ya kulirudufisha jiji

Waandishi wa nchi nyingine wamejaribu njia kadhaa, na mbili zinatosha kwa mfano. Katika Neverwhere, riwaya ya Neil Gaiman ya mwaka 1996, mkazi wa London anamsaidia msichana aliyejeruhiwa, na kwa tendo hilo anaporomoka hadi kwenye London ya chini. Kazi yake na nyumba yake vinampotea, na watu waliomjua hawamtambui tena. Katika The City & the City ya China Miéville, iliyotoka mwaka 2009, miji miwili imekalia ardhi moja, na wakazi wa kila mji hufundishwa tangu utotoni kutouona mji wa wenzao hata wanapopishana nao njiani. Njia ya kwanza hushusha, ya pili hupofusha.

Wengi wanaoijaribu Kampala hukimbilia njia ya kushusha, kwa kuwa jiji lenyewe linaonekana kuialika: juu ya vilima kuna bustani na kuta ndefu, mabondeni kuna Bwaise inayofurika mvua ikinyesha, kuna Katanga iliyobanwa kati ya Makerere na Mulago, kuna Namuwongo chini ya Muyenga. Nakushauri uiepuke, au uitumie kwa hadhari kubwa. Ukilifanya bonde kuwa nchi ya majini na maajabu, umewaambia wanaoishi bondeni kwamba wao ni sehemu ya maajabu hayo, ilhali wao ni wapangaji wanaolipia chumba kila mwezi na kupeleka watoto shule. Mkazi wa Katanga akisoma kwamba chini ya kitanda chake kuna lango la kuzimu, ana haki ya kuuliza kwa nini lango hilo halikuwekwa Kololo.

Kampala ina namna ya tatu, na ninaiona kuwa bora zaidi, nayo hutoka katika ardhi. Kwa Mkataba wa Buganda wa 1900, ardhi iligawiwa kwa maili za mraba kwa Kabaka, machifu na wakubwa wengine, na watu waliokuwa tayari wakiishi na kulima humo wakaamka ni wapangaji. Tangu hapo kiwanja kimoja kimekuwa na watu wawili: mwenye hati ya mailo, yaani ya kuimiliki ardhi hiyo iliyogawiwa, na mwenye kibanja, yaani anayeishi na kulima humo. Sheria ya 1928 iliwekea mipaka busuulu, yaani kodi ambayo mwenye kibanja humlipa mwenye hati, Sheria ya Ardhi ya 1998 ikatambua haki za wakaaji, na mivutano haijaisha hadi leo. Hapo tayari pana majiji mawili katika udongo mmoja, moja la karatasi na jingine la migomba, makaburi na nyumba.

Ili mwongozo huu usibaki hewani, nitautumia mfano mmoja mpaka mwisho. Tuseme Kampala ya pili ni jiji la nyumba zilizobomolewa. Kila nyumba iliyowahi kuvunjwa ili kupisha barabara, reli au jengo la ghorofa ingali imesimama huko, pamoja na jiko lake na kamba yake ya kuanikia nguo, na waliofukuzwa humo wanaweza kurudi usiku wakalala. Nyumba kubwa ya kilimani imejengwa juu ya nyumba iliyobomolewa, na kwa uchawi wa hadithi hii uzito wake unabebwa na hiyo ya chini. Wa chini wakihama, ukuta wa juu unapasuka. Uchawi wa namna hiyo unaeleza nani anamtegemea nani, na hiyo ndiyo kazi ninayoutaka uifanye.

Hatua ya tatu: fuata maji

Chora ramani, lakini usianze na barabara. Anza na maji, kwa sababu katika jiji la vilima maji hueleza tabaka kwa uaminifu kuliko kitu kingine chochote. Kwa miaka mingi Kampala imevuta maji kutoka Ziwa Victoria pale Gaba, yakasukumwa kwa pampu hadi kwenye matangi ya Muyenga, kilima ambacho watu bado hukiita Tank Hill, kisha yakateremka yenyewe kwenda kwenye nyumba za wenye mabomba. Wasio na bomba hununua kwa dumu la lita 20 kwenye kioski au huteka kwenye chemchemi ya bondeni. Maji yaliyokwisha kutumika, pamoja na ya mvua na taka, huingia katika mfereji wa Nakivubo, hupita sokoni na viwandani, hukatiza kando ya Namuwongo, huingia kwenye kinamasi na kuishia katika ghuba ya Murchison, ghuba ileile yanakovutwa maji ya Gaba.

Ukilielewa duara hilo utaona kwamba mji wa juu na mji wa chini hunywa ziwa moja, na kwamba mafunjo ya kinamasi kilichoko katikati, ambacho hakuna tajiri anayetamani kukitazama, ndiyo yanayoyasafisha maji yanayorudi. Sasa amua duara hilo hugeuka vipi katika jiji lako la pili. Katika mfano wetu, nyumba zilizobomolewa zina mabomba yaliyokatwa zamani ambayo huko bado yanatoa maji, na kila tone linalotoka huko linapungua kwenye tangi la mwenye nyumba wa juu. Baada ya uamuzi huo mmoja, sura tatu za hadithi hujitokeza zenyewe: mita inayosoma vibaya, fundi anayetumwa kutafuta uvujaji, na mwanamke anayejua uvujaji ulipo na hasemi.

Hatua ya nne: amua nani anaona

Hapa ndipo hadithi nyingi za aina hii huteleza, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mazoea ya fantasia ni kwamba kuona ni kipawa: mtu mmoja kazaliwa na macho ya pekee, na wengine wote ni vipofu kwa usawa. Jijini mambo hayaendi hivyo. Anayefua nguo za nyumba ya Muyenga anaijua nyumba hiyo kuliko mwenyewe. Anajua shuka za nani hazikulaliwa, anajua dawa iliyofichwa kabatini, anajua mlango wa nyuma unafungwaje. Jioni anarudi Namuwongo, na Namuwongo anaijua pia. Mwajiri wake anajua upande mmoja tu, na hata jina la mfanyakazi wake mara nyingi analijua nusu. Kutoona ni jambo ambalo mwenye nacho anaweza kulimudu, ilhali asiye nacho akijaribu kutoona hapati riziki yake.

Kwa hiyo gawa uwezo wa kuona kwa kufuata kazi. Andika orodha ya kazi zinazovuka jiji: mwendesha boda boda, kondakta wa taksi, yaya, fundi bomba, mzoa taka, muuguzi wa zamu ya usiku, mchuuzi anayebeba maparachichi kichwani kutoka mlango hadi mlango. Hao wape macho ya majiji yote mawili, kila mmoja kwa kiasi cha njia anazopita. Mwendesha boda boda ataona barabara za mji wa pili lakini hatajua vyumba vyake. Yaya atajua vyumba, asijue barabara. Wakikutana watahitajiana, na huo ni msingi bora wa urafiki wa wahusika kuliko unabii wowote.

Wala usiisahau kada ya kati. Walimu, makarani na wenye maduka madogo wanaoishi kwenye miteremko wana hofu ya pekee, kwa kuwa wengi wao walitoka bondeni na wanajitahidi kutokumbuka. Katika hadithi yetu hao huliona jiji la pili wakiwa na homa tu, na asubuhi hukana.

Hatua ya tano: jenga lango, na uweke bei ya kulipita

Lango zuri la fantasia ni lile ambalo msomaji amelipita kwa miguu yake. Malango ya nyumba za vilima vyetu yana askari, kijumba, benchi na daftari la wageni. Mfano ufuatao ni wa kuonyesha namna ya kulitumia.

Nakato, mfuaji nguo, anafika saa moja kasorobo asubuhi, kanga imelowa umande. Askari anamsogezea daftari. "Nnyabo, kitambulisho." Anakitoa, askari anakiweka kwenye sanduku la bati pamoja na vya wengine, na Nakato anaandika jina, saa, na mahali atokako. Leo kalamu inagoma. Askari anainama na kusema polepole, "Maama, hiki kitambulisho ni cha kwenda juu. Una cha kwenda kule kwingine?" Nakato anafungua fundo la leso na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne, stakabadhi ya busuulu aliyolipa babu yake, wino wake ukiwa umegeuka kahawia. Askari anaisoma mpaka mwisho, anairudisha kwa mikono miwili, na kufungua mlango mdogo ambao Nakato hajawahi kuona ukifunguliwa.

Tazama kilichofanyika. Pasi ya kuingia mji wa pili ni kitu ambacho familia nyingi hukitunza kweli, kwa sababu siku ya kesi ya ardhi stakabadhi hiyo inaweza kuokoa nyumba. Mlinzi wa mpaka ni mtu wa mshahara mdogo aliyewekwa kuwazuia watu wa tabaka lake. Na bei ipo: katika mji wa pili karatasi hufifia kidogo kila inaposomwa, kwa hiyo anayevuka mara nyingi anapoteza ushahidi wake katika mji wa kwanza. Bei ya uchawi iwe ni kitu ambacho maskini hukikosa kwa uchungu na tajiri asingekitambua. Damu na miaka ya uhai, ambazo hadithi nyingi huzitoza, zinawatoza wote sawa, na hivyo hazituambii chochote kuhusu tabaka.

Hatua ya sita: chukua mapokeo kwa adabu

Buganda ina mapokeo ya mji wenye pacha ambayo yangetosha riwaya kumi. Kabaka alikuwa na mulongo wake, yaani pacha, ambaye ni kitovu chake kilichotunzwa kwa heshima, na mtunzaji wake alikuwa mkubwa aliyeitwa Kimbugwe. Kabaka mpya alihamia kilima kingine, na wafalme waliotangulia wakabaki na majumba yao: Ssuuna II yuko Wamala, na Muteesa I yuko Kasubi, katika jumba alilolijenga mwaka 1882 na kuzikwa humo mwaka 1884. Kwa namna hiyo mji wa walio hai ulizungukwa na miji ya waliotangulia. Kasubi iliungua mwezi Machi 2010, na majonzi ya siku hizo yamkumbushe mwandishi kwamba anagusa ibada za watu walio hai.

Kuna pia Walumbe, mauti, aliyemfuata dada yake Nambi duniani. Ndugu yao Kayikuuzi alitumwa kumkamata, akaamuru watu wote wakae kimya, lakini watoto wakapiga kelele, na Walumbe akazama ardhini huko Ttanda asitoke tena. Sharti la ukimya lililovunjwa na watoto ni sheria ya kuvuka iliyo bora kuliko nyingi zinazobuniwa sasa. Ukitumia simulizi hizi, itumie kanuni yake na ubuni wahusika wako mwenyewe. Walumbe asigeuzwe jambazi wa mtaani kwa ajili ya kusisimua. Na usimlazimishe kila mhusika kuwa Mganda, maana Kampala ni ya Waacholi, Wanubi, Wasomali wa Kisenyi, Wahindi na wengine wengi, na kila jamii ina wafu wake.

Kuhusu Wahindi, kumbuka mwaka 1972, walipopewa siku 90 za kuondoka. Nyumba na maduka waliyoyaacha yaligawiwa wengine, na miaka ya 1990 baadhi ya wenyewe wakarudi kuyadai. Jiji la nyumba zilizopotea lina chumba chao pia, na ugumu ni kwamba baadhi yao walikuwa matajiri. Usiukwepe ugumu huo. Mhusika aliyekuwa juu, akafukuzwa, akarudi juu, atakulazimisha kufikiri zaidi ya mgawanyo wa wema na wabaya.

Hatua ya saba: lugha za wahusika

Kiingereza hukaa ofisini na kwenye kuta ndefu, Kiluganda sokoni na kwenye taksi. Kiswahili chetu kina historia nzito zaidi: kiliwahi kuwa lugha ya kambi za jeshi na vituo vya polisi, na wazee wengi bado wanapokisikia hukumbuka vizuizi vya barabarani. Kwa hiyo mhusika anayeanza kuzungumza Kiswahili ghafla langoni anaweza kuogopwa kabla hajasema lolote la kuogopesha. Tumia hofu hiyo, kisha iweke kando ya Kiswahili cha misikitini Kibuli na cha madereva wa malori, ambacho ni cha ujirani.

Hatua ya nane: suka mgogoro bila mfalme aliyefichwa

Mwisho wa hadithi nyingi za jiji maradufu ni ugunduzi kwamba kijana maskini ni mrithi wa kiti cha mji wa pili. Naukataa mwisho huo kwa nguvu zangu zote, maana unasema kwamba kijana alistahili heshima kwa sababu hakuwa maskini kweli. Nakato abaki mfuaji. Mgogoro utoke katika mambo uliyokwisha kuyajenga: mwenye hati anagundua kwamba stakabadhi zinafungua mji wa pili, anaanza kuzinunua kwa bei nono kutoka kwa wenye shida ya karo, na kila anayeuza anaondoka usiku bila pa kulala. Nakato na mwendesha boda boda wanaweza kuwashawishi waliobaki wahame kwa pamoja usiku mmoja, na kuta za juu zianze kupasuka.

Lakini ukoo uwatatize. Katika Buganda tajiri na maskini huweza kuwa wa muziro mmoja, yaani mwiko mmoja unaoutambulisha ukoo, wakawa ndugu wasiooana na wanaopaswa kuzikana. Mfanye mwenye nyumba ya Muyenga awe wa ukoo wa Nakato, na umfanyie msiba katikati ya hadithi. Nakato atakwenda, atapika kwenye moto wa kuni nyuma ya nyumba pamoja na wanawake wengine, na atazisikia kuta zikilia juu ya kichwa chake akijua kwamba yeye ndiye aliyezipasua. Sura hiyo ikiandikwa vizuri itabeba riwaya nzima, na hapo usimwambie msomaji nani yuko upande wa haki.

Hatua ya tisa: pitia mswada

Pita katika mswada mara moja ukitazama pesa peke yake. Kila mhusika aonekane akilipa, akilipwa au akidaiwa kabla ya theluthi ya kwanza kwisha, na bei ya dumu la maji isibadilike bila sababu. Pita tena ukitazama miguu: nani anatembea, nani anapanda boda boda, nani ana dereva, na wanafika saa ngapi.

Kisha umsomee kwa sauti mtu anayefanya kazi ya mhusika wako mkuu, umlipe muda wake kama unavyomlipa fundi. Usimwulize kama hadithi inampendeza, kwa kuwa atakustahi na kusema ndiyo. Mwulize ni wapi Nakato amefanya jambo ambalo yeye asingelifanya, ni mlango gani usingefunguliwa hivyo, na ni nani mwingine angekuwa pale ambaye umemsahau. Mtu huyo uliyemsahau mwandikie sura yake kabla hujagusa kitu kingine chochote katika mswada.